Jamvi la Dirishani

Huko Tanambao, mtaa wa mji wa Mahajanga, Boinali aliitwa fundi wa moto, ingawa moto wenyewe hakuugusa. Katika kiwanda kimoja cha mafuta ya nazi alitunza mshale unaoonyesha joto la karai kubwa. Ndani ya karai palizama ncha ya nyaya mbili za madini tofauti. Ncha ikipata moto, nyaya hutoa umeme kidogo, na umeme huo ndio unaousukuma mshale nyuma ya kioo cha ofisi.

Mwaka 1983 vipuri vilikuwa adimu. Waya maalumu wa kutoka kwenye karai hadi ofisini ulipokatika, Boinali aliunga waya wa kawaida wa shaba. Shaba nayo ina sharti lake: pale inapoungwa pakipata joto kuliko ofisini, mshale husoma pungufu. Basi kiungo akakitia ndani ya kisanduku, akakipachika kwenye dirisha la chumba cha tanuri, penye upepo, akamwonya Daoudou, mchochea moto wa tanuri: "Hapa pakae baridi, ndugu yangu. Pakipata joto tutadanganywa."

Alimwita ndugu, na kweli hakuwa na mwingine. Mwishoni mwa 1976 watu wenye asili ya Komoro waliuawa mjini, na waliosalia kwa maelfu wakarudishwa visiwani. Boinali na Daoudou, wenye asili hiyo, walifichwa na mama mmoja wa kijiji cha Boanamary, wakabaki. Tangu siku zile Daoudou hakuweza kuswali huku wapita njia wakimwona. Mgongo ulimsisimka, alisema, akasahau hata idadi ya rakaa.

Ramadhani ilipoingia, Boinali alimhurumia. Akaleta jamvi kutoka kwake na kuliangika dirishani, na Daoudou akaswali adhuhuri kwa utulivu. Fundi akajiona kafanya jambo la maana. Upepo ulikatika, na hakuna aliyekikumbuka kisanduku.

Siku ya tatu mafuta yalianza kufuka. Pua ya Daoudou ilikuwa na miaka ishirini kazini, ikamwambia yamezidi. Akatazama kiooni, mshale ungali chini ya alama ya joto linalotakiwa. "Mshale wa Boinali hausemi uongo," akamwambia mfanyakazi mwenzake, akaongeza kuni. Mafuta yakalipuka. Daoudou aliishi siku mbili hospitalini.

Boinali alipoona lile jamvi lililoungua nusu, alielewa yote palepale. Wachunguzi wakamuuliza kama kipimo kilikuwa kizima. Mtu aliyewahi kujificha kwa ajili ya asili yake huogopa makaratasi ya wakubwa. Akajibu, "Kilikuwa kizima." Kwa maneno mawili hayo Daoudou akaandikwa mzembe, na kaburi halina mdomo wa kujitetea.

Boinali akahamia kisiwa cha Nosy Be, akatengeneza redio kwa miaka kumi na tisa. Akiletewa kipimajoto hakupokea, hata cha mgonjwa. Majuto yalimla, nami simtetei, maana barua moja tu ingetosha. Hakuiandika.

Magoti yalipoanza kumshinda ndipo alipopanda boti, kisha gari, hadi Mahajanga. Alimkuta Saïda, mjane wa Daoudou, akichambua mchele kibarazani. Akakaa chini mbele yake, akaeleza yote: shaba, kisanduku, jamvi, na lile jibu lake kwa wachunguzi. Alilia waziwazi, mzee mzima.

Saïda aliweka ungo kando.

"Shemeji, habari ya jamvi naijua," alisema. "Daoudou alinieleza hospitalini. Aligusa kile kisanduku moto ulipolipuka, kikamuunguza, akakumbuka onyo lako. Akaniusia: 'Usimtajie Boinali jamvi. Alinitundikia kwa mapenzi. Akijua, hataweza kuishi.'"



"Nikanyamaza," Saïda akaendelea. "Wanangu wamekua wakiitwa watoto wa mzembe, nami ninanyamaza. Wajukuu ninao watano, hakuna aliyepewa jina lake. Miaka yote hiyo, shemeji, nilidhani wewe hujui."