Kompresa Iliyotoa Ndagala

Cheka ukitaka, nimeshazoea. Lakini wale ndagala, dagaa wa ziwa letu, niliwaokota kwa mkono wangu mwenyewe, hapa hapa Rumonge, na walitoka ndani ya tangi la chuma lililofungwa pande zote.

Binti yangu Zainabu alikuwa anakuja kujifungulia kwetu mtoto wake wa kwanza. Chumba chake hakikuwa na dari, na bega langu limekataa nyundo tangu nilipoanguka na baiskeli njia ya Minago. Shemeji akaniazima bastola ya misumari, ile inayosukumwa na upepo. Ikabaki kutafuta kompresa ya kuutia huo upepo.

Dukani muuzaji alinisifia dude kubwa, kelele yake ingeamsha mtaa mzima. Nikatoka nje nakuna kichwa. Kwenye uchochoro alisimama mtu. Jua lilikuwa linawaka, mvua tumeisahau, na suruali yake inachuruzika maji. Niamini, niliona, ila nilijiambia ametoka kuoga ziwani.

"Mzee, ile iko kubwa ya bure," akasema. "Kwa misumari ya plafo, ya dari, kadogo kanatosha. Niko na yangu. Chumba iko upande gani ya nyumba?"

Nikamweleza yote, hadi mlango. Si ni fundi anayejua kazi yake? Akaniuzia kompresa yake kwa bei ya kutupa. "Jioni ufungue kizibo ya chini, utoe maji," akaniusia.

Hilo si ajabu. Kila kompresa hukusanya unyevu tumboni, kijiko hivi. Nilipiga dari siku ile ile, pa, pa, pa, raha tupu, na moyoni nilishamwona mjukuu wangu amelala chini ya mbao zile. Jua likielekea kuzama nikafungua kizibo.

Beseni likajaa. Nikaleta jingine. Kisha wakaanza kutoka ndagala, wazima, wakirukaruka sakafuni.

"Baba Zainabu, ni nini hii?" mke wangu akapiga kelele.

Maji yakakatika, upepo wa mwisho ukatoka polepole, kama pumzi ya mtu aliyeizuia muda mrefu. Na ndani ya pumzi ile sote wawili tulisikia mtu akishukuru: "Murakoze, mzee."

Kesho yake nikamwuliza yule muuzaji wa dukani, nikamweleza mtu wa uchochoroni alivyo.

"Huyo tulishamulilia, mzee. Alikuwa fundi wa plafo. Ziwa ilipopanda ikaingia kwake, akarudi ndani kuchukua kompresa, ukuta ikamwangukia. Hatukumupata, yeye wala mashine."

Niliirudisha mashine ziwani. Haikusaidia. Zainabu alilala usiku mmoja tu chumbani mle, akaondoka analia, akajifungulia kwa wakwe zake Kigwena. Mjukuu wangu nimembeba huko huko, kama mgeni. Inaniuma, siwezi kuficha. Na kilichomkimbiza bado kipo: kila usiku juu ya dari kunapigwa misumari, pa, pa, pa. Fundi yule anapigilia nini, wakati dari nilishaimaliza?

Basi ukichagua kompresa, usitazame tangi na bei tu. Fungua kizibo kwanza, uone kinachotoka. Na fundi akikujia ameloa siku ya jua, msalimie, upite zako. Usimwambie unakaa wapi. Mimi nilimwelekeza mwenyewe, hadi mlango.