Siku Mvuke Walipokuja Kumwita Fimbo

Miguu ya Mama Pasi huanza kuvimba saa nne asubuhi, na ikifika saa nane viatu vinakuwa vimembana mpaka anavivua na kusimama peku juu ya gunia. Miaka thelathini na minane amesimama hapo hapo, kati ya meza ya pasi na mashine mbili za kufulia, moja inayotetemeka na nyingine inayonung'unika kama inamsema mtu. Watoto hana, lakini mtaa mzima unamwita Mama, na hilo Pasi ni la kazi. Jina lake la kuzaliwa analijua mdogo wake wa kiume tu, naye hamwiti hivyo. Humwita Dada.

Mdogo wake huyo ndiye Fimbo. Mama yao alipofariki, Fimbo alikuwa na miaka tisa na dada yake kumi na mitano, akamlea mwenyewe. Sasa Fimbo ana hamsini na mmoja, utosi umeanza kung'aa, na mgongo wake una kona. Jina alilipata ujanani kwa sababu hakuviachia vijiti vyake vya kupigia ngoma hata akienda chooni.

Kundi la Mvuke, nani asiyelijua? Hata kama muziki wa roki unakuumiza kichwa, nyimbo zao unazo, zimekuingia bila ruhusa ukiwa saluni au kwenye foleni ya benki. Ajabu ni kwamba hakuna anayejua kwa hakika walianzia wapi. Mwimbaji wao anasema jina la kundi lilimjia ndotoni. Mpiga gitaa anaapa kwamba walianzia gereji ya mjomba wake. Mashabiki nao wana yao: eti vijana wanne waligombania jozi moja ya viatu dukani, ugomvi ukaisha kwa wimbo. Kila mwaka inaongezwa chumvi.

Mama Pasi akiyasikia hayo hubana midomo na kuendelea na kola iliyo mbele yake. Yeye aliwaona kwa macho yake. Walikuwa vijana watatu, Fimbo wa nne, na walifanyia mazoezi chumba cha nyuma, hapo hapo kwa dobi, kwa kuwa mashine zilimeza makelele yao na jirani hakuwa na la kulalamikia. Fimbo alipiga madebe matupu ya sabuni. Mvuke ulijaa chumbani mpaka hawaonani, wanajuana kwa kukohoa. Sasa jina hilo litoke ndotoni?

Lakini hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo inahusu mashuka ya hospitali wanayoyafua hapo yeye na Fimbo.

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Ukijaribu, ncha moja itaburuta sakafuni, na shuka lililogusa sakafu linarudi kwenye maji. Hakuna mjadala. Watu wawili husimama wakitazamana, kila mmoja na pembe mbili. Wanavuta, wanakung'uta, wanasogeleana, mmoja anamkabidhi mwenzake pembe zake kisha anainama kuokota kunjo la chini. Halafu jingine. Na jingine. Fimbo na dada yake wamekutana uso kwa uso namna hiyo mara nyingi kuliko mume na mke yeyote mtaani.

Jumatatu moja akaingia mwanamke mwenye miwani na kinasa sauti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kama ni lile koti la bwana harusi, bado bichi."

"Sikufuata koti. Naandika kitabu kuhusu Mvuke. Nimesikia kuna mtu hapa aliwahi kupiga nao."

"Andika kwamba ni wezi," sauti ya Fimbo ikatoka nyuma ya nguo.

"Wameiba nini?"

"Masikio ya watu." Akajitokeza, mikono imejaa foronya. "Nilipiga nao mwaka mmoja na nusu. Siku moja wakaenda kurekodi, hata hodi hawakupiga. Nikaja kusikia redioni wana mpiga ngoma mwingine. Basi. Zima hicho kidude chako, hadithi imekwisha."

Mwandishi hakukizima. "Jumatano nina miadi na mpiga gitaa. Nitamuuliza, halafu Alhamisi nitarudi nikuambie amejibu nini."

"Muulize alikuwa na haraka ya kwenda wapi."

Harufu ya kuungua ikapanda. Mama Pasi alikuwa ameisahau pasi juu ya shati la mwalimu mkuu. Kola ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na yeye hakukumbuka mara ya mwisho kuunguza kitu.

Maana walikuja. Miaka thelathini na miwili iliyopita, saa nne asubuhi, wale vijana watatu walifika mlangoni wakihema kama wamefukuzwa. Mtu mwenye chumba cha kurekodia alikuwa amewapa saa moja ya bure, siku hiyo hiyo.

"Fimbo yupo?"

Fimbo alikuwepo, nyuma ya kamba ya nguo, anakung'uta. Lakini yalikuwepo pia mashuka mia mbili na arobaini, gari la hospitali linakuja saa sita, na mwenye duka la dobi alikuwa ameshasema kwamba yakichelewa tena, dada na mdogo wake wote watafute pa kwenda. Mama Pasi akayatazama mashuka. Akawatazama vijana.

"Hayupo. Nimemtuma mjini."

Hawakuamini. Waliita kuelekea ndani, mara mbili, "Fimbo! Fimbo!", mashine zikaimeza sauti, wakaondoka mbio. Njiani walimchukua mtoto wa muuza mboga, na huyo ndiye leo picha yake imebandikwa kila ukuta.

Mama Pasi alidhani watarudi kesho yake. Hawakurudi. Akasema atamwambia jioni, lakini jioni Fimbo alisinzia na kijiko mdomoni. Akasema wiki ijayo. Kisha wimbo ukapigwa redioni, Fimbo akavivunja vijiti vyake juu ya goti, na tangu hapo maneno yakawa mazito kuliko shuka lililolowa.

Jumanne alifungua kinywa mara tatu, kila mara akaishia kuuliza habari za sabuni. Jumatano, saa ambayo mwandishi alikuwa ameketi na mpiga gitaa, yeye na Fimbo wakawa wanakunja. Walisogeleana. Pembe zikakutana.

"Walikuja," akasema.

"Akina nani?"

"Wenzako. Siku ile ya kurekodi. Walikuita mara mbili. Mimi nilisema hayupo."

Fimbo hakupepesa. "Mimi nilikuwa wapi?"

"Hapo. Nyuma ya kamba. Gari lilikuwa linakuja, na mimi peke yangu nisingeweza..."

Shuka likaanguka sakafuni. Fimbo alilitazama kama kitu asichokijua.

"Miaka thelathini na miwili nimewatukana watu bure," akasema polepole. "Na wewe unanipasia pembe."

Akatoka na aproni yake kiunoni.

Mama Pasi alijikaza kisabuni. Alijaribu kubana shuka kwa kidevu, akajaribu kulifunga kwenye kiti, akajaribu kulitandaza juu ya meza. Mpaka saa kumi na moja alikuwa amekunja kumi na moja, na saba kati ya hayo yalirudi majini. Hakulia. Kulia nako kunataka nguvu.

Alhamisi asubuhi Fimbo alikuja. Salamu hakutoa. Alishika pembe mbili na kungoja, macho yake ukutani, juu kidogo ya kichwa cha dada yake. Wakakunja mpaka saa tano, ndipo mwandishi akaingia, kinasa sauti kikiwa kimeshawashwa.

"Mpiga gitaa anasema walikuja kukuita. Anasema mtu mlangoni aliwaambia hupo."

Mama Pasi akamgeukia mwandishi. "Huyo mtu ni..."

"Nilikuwepo," Fimbo akamkatiza. "Nilisikia wananiita, mara mbili. Sikutoka. Tulikuwa na mashuka."

"Yaani ulisikia, ukaacha Mvuke iende zake kwa ajili ya mashuka?"

"Mwandishi, umewahi kukunja shuka la hospitali peke yako?"

"Hapana."

"Kajaribu kwanza, halafu uje uniulize."

Mwandishi alicheka, akaandika, akauliza mengine mawili matatu kuhusu madebe, akaaga. Mlango ulipojifunga, Mama Pasi alibaki ameshika kunjo mkononi. Hayo ya kuitwa mara mbili Fimbo aliyapata kwake yeye mwenyewe, jana yake. Hakuwa na njia ya kujua kama aliyasikia pia siku ile.

"Kweli ulisikia?"

"Mashine zilikuwa zinaunguruma, Dada."

"Hilo si jibu."

"Kitabu chake kina ndoto, kina gereji, kina viatu. Na mimi nimempa hadithi yangu. Zitapata pa kukaa." Akapokea pembe, akakunja, akaweka shuka juu ya wenzake na kulipiga kofi ili lilale. "Na usidhani nimemaliza kukasirika."

"Sijadhani."

"Ungeniuliza tu. Siku ile. Ungekuja nyuma ya kamba ukaniuliza." Sasa alikuwa anamtazama, kwa mara ya kwanza tangu jana. "Labda ningebaki."

Mama Pasi akaegemea meza. Miguu ilikuwa inampwita, viatu hakumbuki alivivua saa ngapi.

"Kaa chini," Fimbo akasema.

"Kuna kazi."

"Zimebaki taulo. Taulo hazitaki watu wawili."

Akakaa juu ya mzigo wa nguo chafu, mchana kweupe, mteja amesimama kaunta na risiti yake mkononi anashangaa. Fimbo akavuta taulo ya kwanza.