Kopa Nne na Karatasi ya Marehemu

Siku ya kwanza kumwona, nilikuwa napiga deki kasino, chini ya mashine za karata. Aliinua miguu yote miwili kunipisha, akasema, "Pita, mdogo wangu, miguu yenyewe haina kazi." Wengi hawanioni mpaka ndoo iwaguse.

Alikuwa mpiga chapa mstaafu, mjane. Wahudumu walimwita Bibi Karatasi, kwa sababu kila asubuhi alitandaza mapajani karatasi iliyoandikwa na marehemu mumewe kwa kalamu ya bluu. Mashine hugawa karata tano. Unabakiza unazotaka, nyingine unatupa, na unaletewa badala yake mara moja tu. Karatasi ilisema ipi ubakize, ipi utupe. Enzi za mumewe walikaa wawili mbele ya mashine moja, kwa dau la chini kabisa: mume anasoma, mke anabonyeza.

Kisha mume akafariki, na mwaka huohuo zikaletwa mashine mpya zenye kizidisho. Ukishinda chochote, mchezo unaofuata unalipa mara mbili, mara tano, hata mara kumi na mbili, kutegemea ulivyoshinda. Ukikosa, unarudi kwenye moja.

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini miezi minane nyuma ya kiti chake nayo ni shule. Niliona karatasi imepitwa. Akipata ghulamu, malkia, mfalme na nne, zote kopa, ilimwambia atupe nne, afukuzie mfululizo wa kopa kubwa tano, zawadi kubwa kuliko zote. Zamani ilikuwa sawa. Hata sasa ni sawa kizidisho kikiwa kikubwa, maana hapo unavuna papo hapo. Lakini kikiwa moja, heri ubaki na kopa zote nne: ikija kopa ya tano, yoyote ile, umeshinda, na mchezo unaofuata umenona. Yeye alitupa nne. Kila mara.

Sikumwambia. Mimi nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja natokwa jasho. Tena yeye ndiye mtu pekee aliyekuwa akiniuliza, "Umekula, au umeshiba upepo?" Nikirudi chumbani kwangu, hayo ndiyo mazungumzo yangu ya siku nzima. Niliogopa nikikosea kusema, nitayakosa.

Asubuhi moja zikaja zilezile kopa nne. Kizidisho, moja. Kidole chake kikaanza safari.

"Dada, usiitupe hiyo nne."

Akageuka. "Kumbe una sauti!"

Nikamweleza huku nimeshikilia mpini wa deki kama mlingoti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaiacha nne, akabonyeza. Ikaja kopa. Kizidisho kikaruka hadi saba.

Hakucheka. Alikunja karatasi.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," akasema. "Nimepiga chapa miaka thelathini, nishindwe kuona kosa kwenye karatasi?"

"Sasa mbona ulikuwa unatupa?"

Akatia karatasi mkobani, akafunga zipu, akainuka. Ile saba akaiacha inawaka bila kuichezea. Sijamwona tena tangu siku hiyo; kiti chake nakifuta kila asubuhi, hata kikiwa safi. Alinijibu akiwa amesimama, mkono wake begani kwangu:

"Huyo aliyekuwa akiniambia 'tupa' ndiye niliyekuwa nakuja kukaa naye, mdogo wangu. Leo umemnyamazisha. Haya, nenda ukale."