Bwawa la Kijani

Watoto ndio walioanza. Kwenye simu ya baba yao waliona video ya wenzao wakiteleza kwenye mitelezo mirefu na kutumbukia majini, na tangu hapo nyumbani kwetu Bunda hapakukalika. Likizo ya Desemba wanataka bwawa lenye mtelezo, basi. Mume wangu anauza vitenge na huwa hafungi duka hata Idi, lakini safari hii alikubali. Alitaka twende moja kwa moja Mwanza kwenye mabwawa makubwa. Mimi nikasema tuanze na la Musoma, tulione kwa macho kabla ya kupanga likizo.

Tulipofika na watoto nilisogea ukingoni nikatazama. Maji yalikuwa ya kijani. Sikuona chini.

"Mbona maji yako hivi?" nikamuuliza mwangalizi, mwanamume mwenye filimbi shingoni.

"Rangi ya vigae hiyo, mama," alijibu, macho kwenye simu.

Nikamwambia mume wangu tuondoke.

"Mama watoto, wewe unaogopaga hata mvua," alisema kwa sauti, watu wakageuka. "Tumetoka Bunda kote huko kuja kuchungulia?" Akaenda kukata tiketi.

Binti yetu mkubwa, wa darasa la tano, hakungoja. Nilipogeuka alikuwa ameshafika juu ya mtelezo, ananipungia mkono. Nikamwita ashuke. Akashuka, lakini kwa upande wa maji. Mapovu yakapanda, yakaisha. Nikangoja kichwa kitokeze. Hakikutokeza.

"Mwanangu yuko chini!"

Mwangalizi alisimama, akatazama maji, akatazama tena. Hakujua aanzie wapi, maana naye haoni kitu.

Mimi sijui kuogelea. Niliingia na baibui langu, likajaa maji likawa linanivuta. Maji yalinifika mabegani. Nikawa napapasa kwa miguu huku na huku, nasema ya Rabi, ya Rabi, na mdogo wake analia ukingoni. Unyayo ukagusa kitu laini. Nikazama, nikakamata mkono, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Alitapika maji, akakohoa, kisha akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Hospitali walimsikiliza kifua, wakamweka mpaka alasiri, wakaturuhusu. Tukaanza safari ya kurudi Bunda. Tulipofika njia panda ya kwenda Butiama, mume wangu akaegesha gari pembeni, akabaki ameshika usukani.

"Ulisema tuondoke," alisema. "Likizo chagua wewe. Hata ukisema tukae nyumbani, tutakaa."

"Kwa hiyo hatuendi tena?" mdogo akauliza nyuma.

Baba yake akawasha gari.

Mwishowe nilichagua sehemu ndogo Mwanza, bwawa la kiunoni lisilo na mtelezo. Kabla ya kulipa nilisimama ukingoni mpaka nikaona nyufa za vigae vya chini. Mdogo aliruka palepale. Mkubwa alijifunga taulo, akakaa kwenye kiti. Baba yake akaingia, akasimama katikati amenyoosha mikono, hamwiti.

Baada ya muda mrefu binti yangu aliinuka. Nikashuka naye ngazi mpaka maji yakamfika magotini, akanishika mkono hadi vidole vikaniuma, na hapo hapo tukasimama.