Supu Niliyokataa Kuipika

Watu wakinisifia supu yangu ya kichwa cha mbuzi huwa siwakatizi. Miaka ile ya vita vya shifta nilikuwa na hoteli ndogo Garissa, karibu na soko, na asubuhi makarani, madereva na askari walinisubiri mlangoni kabla sijafunua sufuria. Mimi ni mtu wa pwani, nilimfuata mume wangu aliyekuwa dereva wa serikali. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini yangu ilikatika upesi, maana mtu akishaipenda supu yako haulizi tena kwenu ni wapi.

Aliyenifanya mwenyeji hasa ni mama mmoja Msomali, mfugaji, aliyeniletea maziwa kila asubuhi. Nilipojifungua na maziwa yangu yakakauka, alikuja na mbuzi jike anayekamuliwa akamfunga uani kwangu. Kwao ndivyo: mwenye shida huazimwa mnyama, shida ikiisha anamrudisha. Masikio ya mbuzi yule yalikuwa na alama ya nyumba yao, la kushoto limekatwa ncha, la kulia limepasuliwa katikati. Alinionyesha kwa fahari, akaniambia hata mbuzi akipotea mpaka Hulugho, watu watajua ni wa nani.

Kisha vita vikakaza. Wafugaji wakakusanywa wakawekwa katika kijiji chenye uzio na askari langoni, na maziwa yakakoma. Mifugo yao ikachukuliwa, ikasemwa kwamba ndiyo inayowalisha mashifta, wale waasi wa msituni. Akikosa mmoja, waliadhibiwa wote. Baada ya siku chache nyama ikawa rahisi mjini, na watu wakafurahi bila kuuliza.

Paja la mbuzi halikuambii limetoka kwa nani. Lakini mimi nilikuwa mpishi wa vichwa. Asubuhi moja mwuza nyama wangu alinimwagia gunia jikoni, nikainua kichwa cha kwanza kwa sikio. Ncha imekatwa. Nikageuza upande wa pili, sikio limepasuliwa. Nikainua kingine, vivyo hivyo. Yule jike akalia uani, na hasira ikanipanda.

Nikamwambia avirudishe vyote. Alishangaa, akasema wamechinjwa kihalali, kwa kisu kikali na kwa jina la Mungu. Nikamjibu kwamba kisu ni halali, mbuzi ni wa watu.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini akanionya, na hofu yake haikuwa ya mchezo. Ugali wetu ulitoka serikalini. Mtu akishaitwa rafiki wa shifta, hoteli ingefungwa, naye angefukuzwa kazi kama hakutiwa ndani kabisa.

"Mwenye nguvu mpishe," akasema. "Sisi ni raia tu. Hatukumtuma mtu akachukue mbuzi."

Nikampa jibu ambalo mpaka leo nalipenda, na anayeona najisifu aone tu. "Bendera ilipopanda nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka, nikisema serikali ni yetu. Haiwezi kuwa yetu siku ya ngoma, halafu siku ya nyama ikawa yao."

Kesho yake nikapika maharagwe. Siwezi kusema mji ulinifuata. Wateja wengi walihamia kwa jirani, na wengine waliniuliza kwa kejeli kama nimeota meno ya watoto hata nyama ikanishinda. Afisa mmoja wa askari, mpenzi mkubwa wa supu yangu, alitaka kujua imekwenda wapi. Nikamwambia vichwa vya siku hizi vina masikio ninayoyafahamu. Akaagiza chapati. Mume wangu, aliyekuwa akisikiliza jikoni, jasho lilimtoka.

Hatimaye yule mama akapata ruhusa ya kuja sokoni. Alikuwa amekonda. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Abaayo," akasema. Ndivyo alivyoniita siku zote, yaani dada. "Serikali yako imekula mbuzi yangu yote."

Ningeweza kumjibu kwamba si mimi, kwamba mimi sikuonja hata mchuzi. Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Nikaona hayatoshi.

"Ndiyo," nikasema. "Serikali yangu."

Hapo ndipo alipoingia akaketi. Nikampa chai na maharagwe, akala, akasema huko kijijini wamesikia, "mama wa sokoni siku hizi nabika maharagwe tu, hataki nyama yetu." Nikaenda uani nikamfungua yule jike pamoja na mtoto wake aliyezaliwa kwangu. Mama aligusa sikio lililopasuliwa, akalia, nami nikalia.

Lakini aliogopa kumchukua. Mbuzi mwenye alama ile angechukuliwa langoni, na yeye angeulizwa amemtoa wapi. Basi nikajitanda leso, nikashika kamba mwenyewe, tukakatiza sokoni mchana kweupe, yeye upande huu, mimi ule, na mtoto wa mbuzi nyuma yetu. Walionicheka kwa maharagwe walitupisha njia.

Langoni tulimkuta afisa yuleyule.

"Mbuzi wa nani huyu?"

Nusu ya mji ilijua nafuga mbuzi. Ningesema wangu, tungepita bila shida.

"Wake," nikasema. "Aliniazima nilipojifungua, namrudishia. Alama yake hiyo hapo sikioni."

Hakuliangalia sikio. Alituangalia sisi, kisha akawaambia askari wafungue. Mama akapokea kamba akaingia na mbuzi wake, kichwa juu, hakugeuka. Nilijivuna siku ile kuliko siku ya bendera.

Nilipotaka kuondoka, afisa akaniuliza kwa sauti ya chini kesho napika nini.

"Maharagwe," nikamwambia. "Na keshokutwa pia."