Koti langu la Ulaya limebaki posta

Jamani, koti langu la Ulaya limebaki posta, na mdomo wangu mwenyewe ndio umeniponza!

Petro wangu mnamjua, yule anayesoma Uingereza. (Hapa Mpanda nani mwingine ana mtoto huko? Sijisifu, nauliza tu.) Kanitumia koti zito, la kola ya manyoya.

Leo karani kafungua kifurushi, kaniuliza taratibu, "Mama Petro, hili limeshavaliwa, si ndiyo? Nguo iliyovaliwa haitozwi ushuru."

Ningeitikia tu, sasa hivi ningekuwa nalo mwilini.

Lakini nyuma yangu kasimama mama Anna, ambaye kwake tumepeleka posa ya Petro.

Nikapaza sauti: "Mwanangu anitumie kafa ulaya? Jipya hilo!"

Karani kaingiza mkono mfukoni mwa koti, katoa leso iliyokwisha tumika. Kanitazama.

"Jipya, mama?"

"Jipya!"

Basi kanitajia ushuru wa koti jipya. Hata niuze mbuzi wote, siufikii.

Mama Anna kanipa mkono. "Hongera, mkwe. Jumapili tutakuona nalo kanisani."

Nikamjibu, "Mapema kabisa!"

Sasa nyie wenzangu, hiyo Jumapili naingiaje kanisani?