Bibi harusi na baba mkwe hawaonani, na mimi nilishaahidi kuwaweka kwenye picha moja (harusi ya Tukuyu)

Wakuu, habari za muda huu.

Leo sijatapeliwa, sijaachwa, na siombi ushauri wa mahusiano. Nimekuja na furaha tu, imenijaa mpaka naiona kero kwa majirani. Nitakachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu au kipo kwenye memori kadi.

Kazi yangu ni video za harusi. Niko Mbeya mjini, nafanya na mwenzangu anaitwa Furaha. Yeye anashika kamera ya pili, mimi ya kwanza na droni. (Kibali cha kurusha ninacho, wale wa sheria mtulie.)

Tulipata kazi Tukuyu. Bwana harusi, Gwamaka, ni mkulima wa ndizi na parachichi pale Kyimo. Bibi harusi, Stella, ni mwalimu. Kwao ni Masasi, alipangiwa kazi Kyimo miaka minne iliyopita. Alifika akilalamikia baridi, akabaki.

Stella alinitumia orodha ya picha anazotaka. Nawapenda sana wateja wa orodha. Ya kwanza aliiandika kwa herufi kubwa: MIMI NA BABA MKWE, PICHA MOJA.

Nikampigia kuuliza kwa nini hiyo imeipita hata keki. Akaniambia baba yake mzazi alifariki yeye akiwa kidato cha pili.

"Nataka siku yangu nionekane nacheza na mtu ninayemwita baba," alisema. "Hata dakika moja inanitosha."

Nikamjibu, "Mwalimu, hiyo ndogo sana."

Wakuu, hayo maneno yashikeni.

Sherehe ilifanyika kwenye nyumba ya zamani ya mzungu wa chai, nje kidogo ya mji. Ilikuwa gofu miaka mingi, popo wamejaa darini na mgomba umeota sebuleni. Sasa imekarabatiwa, inakodishwa kwa shughuli. Paa jekundu, madohani mawili, madirisha ya vioo vidogo vidogo, na korido ndefu inayoipasua nyumba kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa jikoni. Mbele wameweka jukwaa pana la mbao lisilo na paa, linatazama mashamba ya chai. Nyuma ni ua wa jikoni, na siku hiyo masufuria ya ndizi na nyama yalikuwa yanachemka huko.

Mvua ilinyesha tukiwa kanisani, ikakatika, ikanyesha wakati wa keki, ikakatika tena. Waliowahi kuishi Tukuyu wananielewa.

Saa nane mchana nikapanga viti jukwaani kwa ajili ya picha za familia. Nikaita kwa sauti ya kazi: "Baba mkwe, karibu hapa, kiti cha pembeni ya bibi harusi."

Kina mama wakatazamana.

Mzee Ambakisye, baba yake Gwamaka, alikuwa kwenye kona ya nyumba na koti lake refu na buti za mvua. Akafungua mwavuli japo mvua haikuwepo, akajikinga nao upande wa Stella, akaondoka zake kuelekea nyuma ya nyumba.

Kina mama wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nikajua nimeharibu harusi ya watu.

Shangazi yake Gwamaka, Shangazi Tupokigwe, ndiye aliyenionea huruma.

"Mwanangu, umemwita mkwe akae na mkamwana wake? Hapa kwetu hao hawaonani. Huyu akipita hapa, yule anapita kule. Ni heshima hiyo, si ugomvi."

"Mpaka leo, shangazi?"

"Vijana wengi wameacha. Kaka yangu hajaacha na hataacha."

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba kanisani mzee alikaa nyuma ya nguzo ibada nzima. Nilidhani amechelewa akakosa nafasi.

Na msidhani mzee hampendi Stella. Gwamaka alinieleza kwamba kila Jumamosi anampelekea maziwa. Anayaweka mlangoni, anagonga na fimbo, anakimbia. Mzee wa miaka sabini na kitu, anakimbia.

Nikamfuata Stella. Nikamuuliza kama alikuwa anajua.

"Najua," akasema. "Nilidhani wewe mtaalamu utaona njia. Si ulisema ndogo?"

Nikaanza kuitafuta hiyo ndogo.

Jaribio la kwanza: mzee asimame ndani, mgongo dirishani, Stella asimame nje upande wa pili wa dirisha. Mzee akakubali kupitia kwa shangazi. Akasimama, akanyooka kama askari. Kumbe mbele yake ukutani kuna kabati la vioo. Akaona kitu cheupe kinapepea ndani ya kabati.

"Nimeona shela," akasema, akatoka nje kwa mlango wa jikoni.

Jaribio la pili lilitoka kwa mzee mwenyewe. Akamtuma shangazi aniambie: nimpige yeye peke yake, Stella peke yake, halafu niwaunganishe kwenye kompyuta.

Stella akakataa. "Kwa kompyuta hata na rais ninaweza kuwekwa. Mwambie nataka tuwe tumecheza kweli, saa moja, siku moja."

Gwamaka alikuwa pembeni anatafuna karanga. Nikamwangalia anisaidie. Akasema, "Braza, mimi nimeoa tu."

Nikakaa kwenye ngazi, nikaitazama ile nyumba. Mbele watu wa jukwaani, nyuma wazee wa uani, katikati paa jekundu. Nikaruka kama nimekanyaga siafu.

Nilimkuta mzee uani na wenzake. Nikaamkia, nikachuchumaa.

"Baba, nina kile kidege cha kamera. Kikipanda juu ya nyumba kinaona mbele na nyuma kwa pamoja. Wewe ucheze hapa, yeye acheze kule."

"Na mimi nitamwona?"

"Hapana, baba. Paa litakuwa katikati."

"Na yeye?"

"Naye hatakuona."

Akaitazama nyumba kwa muda. Ujana wake alikuwa analeta kuni hapo, kwenye mlango huohuo wa jikoni.

"Mzungu aliijenga ndefu hivi ili asituone sisi wa kuni," akasema. "Leo nayo imepata kazi ya maana. Haya, kirushe. Ila mniambie ameanza na mguu gani, tusipishane."

Wakuu, harusi nzima ikageuka kambi.

Vijana wa ngoma tukawaweka ndani ya korido, milango yote miwili wazi, ili mlio utoke mbele na nyuma sawasawa. Lakini milango ikiwa wazi watu wanaonana, kwa hiyo kina mama wawili wakashika kitenge katikati ya korido kama pazia. Shangazi Tupokigwe akasimama penye pazia kupokea na kutoa taarifa.

"Mbele wanauliza, mko tayari?"

"Waambie buti linateleza, wasubiri."

"Mbele wanasema mwalimu anaanza na kulia."

"Kulia kwake au kulia kwangu?"

Wakati huo ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlimani, na nilibakiwa na betri moja isiyofika nusu. Kurudia hakukuwepo. Nikarusha.

Kwenye skrini paa likawa kama kitabu chekundu kilichofunuliwa. Upande huu nguo nyeupe jukwaani, upande ule koti refu na fimbo. Ngoma zikaanza. Nguo nyeupe ikayumba kulia, koti likayumba kulia. Watu wakajigawa wenyewe, nusu mbele, nusu nyuma. Mpishi alicheza na mwiko. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu na rimoti mkononi.

Betri ikaanza kulia. Nikapunga mkono kwamba tumalize, ngoma zikanyamaza.

Stella hakusimama. Viatu vyake vikaendelea kupiga mbao za jukwaa, ko, ko, ko, na mlio ukapita kwenye korido mpaka uani. Nikaangalia skrini. Mzee alikuwa ameinua fimbo kuwanyamazisha wenzake. Kisha akaanza tena, taratibu, akifuata miguu ya Stella.

Hakuna ngoma. Wawili tu, na nyumba katikati.

Ukungu ukafunika. Nikashusha droni.

Pazia likapokea taarifa ya mwisho. "Baba anasema binti yake anajua kucheza."

Stella alikaa chini na gauni lake lote, akalia huku anacheka. "Mwambie na yeye."

Kabla ya chakula nikampelekea mzee skrini aone. Akakataa kwanza, maana na Stella yumo. Halafu akapata njia. Akaweka kiganja juu ya nusu ya skrini yenye jukwaa, akajitazama yeye na wazee wenzake, anacheka, anawaonyesha buti zake.

Ilipofika pale ngoma zinaponyamaza, akaacha kucheka. Nikaona kidole kimoja kinasogea kidogo.

Akatazama mpaka ukungu ulipofunika.

"Kidole kimeteleza," akaniambia.

"Sikuona kitu, baba. Nilikuwa naangalia mlima."

"Ndaga fijo," akasema. Yaani ahsante sana. Mlima wenyewe ulikuwa umefunikwa.

Nilichojifunza: mteja akikupa orodha ya picha, usimwambie ni ndogo kabla hujamuuliza nani haonani na nani. Na mila ya watu ukiikuta njiani, zunguka nayo kwanza, pengine ina mlango wa nyuma.

Wapiga picha na MC, nyie mila gani iliwahi kuwasimamishia kazi, na mlitokaje? Na Wanyakyusa mliomo humu, naomba hukumu: cha kwenye skrini kinahesabika kuonana? Gwamaka anasema ndiyo, shangazi anasema hapana, na mzee ameshaomba nakala yake.